Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: Baba yangu hakumtajia mtu namba ya siri

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu ndivyo tapeli alivyoanza na baba yangu.

Baba ana miaka 76. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Lushoto, upande wa Mlalo. Simu yake ni kitochi ambacho kitufe cha 5 kimefutika hadi kimebaki cheupe. Ndani ya nyumba yetu mtandao haukamati. Ukitaka kuongea unatoka nje, unasimama chini ya mparachichi karibu na banda la ng'ombe, unageukia bondeni. Hapo ndipo alipokuwa amesimama siku hiyo ya Jumanne, saa nne asubuhi, simu ikaita.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu."

Kijana akajitambulisha kwamba anapiga kutoka ofisi ya pensheni. Akamtaja baba majina yote matatu, shule ya mwisho aliyofundisha na mwaka aliostaafu. Akasema jina lake limo kwenye orodha ya wastaafu ambao hawajahakikiwa, kwa hiyo malipo ya mwezi ujao yatasimama. Baba akamwomba asubiri kidogo, akaingia ndani kuchukua miwani, kalamu na kaunta buku lake. Tapeli akasubiri. Hakuwa na haraka yoyote wakati huo.

Nayajua haya yote kwa sababu mwalimu hapokei maelekezo bila kuyaandika. Ukurasa wenyewe ninao hapa, kwa mwandiko uleule alioandikia ubaoni miaka thelathini na kitu:

"1. Angalia salio, umtajie. 2. Ingia menyu, chagua Tuma Pesa (uhakiki unapitia hapo). 3. Namba ya ofisi" – hapa kuna tarakimu kumi. "4. Namba ya faili: 480000. 5. Litakuja jina la mhasibu, usishtuke. 6. Namba ya siri: USIMTAJIE MTU."

Hiyo ya sita kaipigia mistari miwili. Aliyemsisitizia ni kijana mwenyewe: "Mzee wangu, namba ya siri ni yako, usinitajie hata mimi." Baba ananiambia hapo ndipo alipomwamini kabisa. Alipofika kwenye menyu akaona imeandikwa "weka kiasi", akashtuka kidogo. Kijana alipopiga tena, akamuuliza mbona inataka kiasi wakati yeye kaambiwa namba ya faili. Akajibiwa kuwa mfumo bado haujabadilishwa maneno, aendelee tu. Mheshimiwa, ni Mtanzania gani ataona ajabu akiambiwa mfumo una kasoro?

Hiyo "namba ya faili" ilikuwa shilingi 480,000, michango yetu sisi watoto wanne kwa ajili ya mabati ya jiko.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu kila tangazo ninalolisikia redioni, na kila meseji tunayotumiwa, linarudia jambo moja: usimpe mtu namba yako ya siri. Baba alilishika hilo neno kwa neno. Akaibonyeza mwenyewe, kwa kidole chake, akiwa na akili timamu, na nakala ya maandishi ameweka. Kampeni kama ya Sitapeliki nimeiona na sina ugomvi nayo. Lakini matapeli nao wanazisikiliza kampeni hizo, tena kwa makini kuliko sisi. Lile onyo sasa limekuwa sehemu ya hadithi yao.

Tunawaambia pia wazee wakate simu wasiyoielewa. Mzee wa rika la baba hakati simu ya mtu aliyemwamkia. Kwake kumkatia simu kijana aliyekupa shikamoo ni sawa na kumfungia mlango mgeni aliyepiga hodi. Hilo sitaki abadilike, na hata ningetaka asingebadilika.

Sasa sikiliza upande wa saa. Muamala ulifanyika saa 4:52. Saa 5:20 baba akanipigia kwa furaha, kunipa taarifa kwamba uhakiki umekwisha na safari ya kwenda mjini haipo tena. Nikahisi baridi mgongoni. Saa 5:24 nilikuwa nimeshapiga huduma kwa wateja, nasikiliza muziki. Nilipompata mtu, dada mmoja mpole, alinieleza kwamba lazima mwenye laini apige mwenyewe. Basi baba akapiga, chini ya mparachichi, na ile sauti ya kompyuta inayosema bonyeza moja, bonyeza mbili, inakimbia kuliko vidole vyake. Mara mbili ikakata. Ilipofika saa 6:10 akajibiwa kuwa mpokeaji ameshatoa pesa, aende polisi akachukue RB, ile namba ya taarifa ya tukio. Polisi walituandikia RB. Ile namba tuliiripoti pia kwa meseji kwenda 15040, lakini kufunga laini hakurudishi mabati.

Dada yule simlaumu, alifuata utaratibu aliopewa. Ninalosema ni kwamba utaratibu wenyewe una kasi mbili. Pesa ya baba kuondoka ilihitaji sekunde. Baba kusema "nimeibiwa" kulihitaji karibu saa nzima, uthibitisho, na vidole vyepesi. Na kati ya hizo kasi mbili ndipo tapeli anapofanyia kazi.

Kwa hiyo ombi langu ni breki.

Mteja anayetaka, kwa hiari yake, aweze kuiambia kampuni yake ya simu hivi: pesa yoyote inayozidi kiwango nilichokitaja, ikienda kwa namba ambayo sijawahi kuitumia pesa, ikae kwanza saa 24 kabla ya kumfikia mtu. Wakati imekaa, mimi na mtu mmoja niliyemwandikisha tupate meseji, na yeyote kati yetu aweze kuizuia. Akimtumia muuza dawa za ng'ombe anayemlipa kila mwezi, iende papo hapo kama kawaida. Anayetaka kasi abaki na kasi yake. Baba yangu, ukimuuliza, hajawahi kuwa na deni lisiloweza kusubiri hadi kesho.

Huyo aliyeandikishwa apewe uwezo wa kuzuia tu. Asiweze kutuma, wala kuona salio. Nalisema hili kwa sababu wapo wazee wanaoibiwa na watoto wao wa kuwazaa, na wajukuu wanaoijua namba ya siri kuliko bibi mwenyewe. Ukimpa mtoto funguo zote kwa jina la ulinzi umehamisha wizi kutoka Rukwa au Morogoro, mikoa ambayo haiishi kutajwa kwenye takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) za majaribio ya ulaghai, ukauleta sebuleni.

Na mtu anapopiga simu kusema ameibiwa, pesa ishikiliwe kwanza kwa mpokeaji, maswali yafuate. Saa moja ya kushikilia haimuumizi mpokeaji mwaminifu.

Wala si jambo geni duniani. Uingereza, tangu Oktoba 2024, benki zinaruhusiwa kuyashikilia malipo yenye dalili za ulaghai kwa hadi saa 72 zaidi. Mwezi huohuo ikaanza pia kanuni ya kumrudishia mteja aliyelaghaiwa akahamisha pesa mwenyewe, hadi pauni 85,000. Fidia ya namna hiyo siiombi leo, maana najua nitaambiwa uchumi wetu haulingani. Kusubiri hakuna gharama ya aina hiyo.

Najua pesa za simu zipo chini ya Benki Kuu, kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Laini zipo TCRA. Taarifa zetu binafsi zina sheria yake ya 2022 na tume yake. Nimekuandikia wewe, na nakala kwa Gavana, kwa sababu kuwakalisha wote hao meza moja ni jambo lililo ndani ya uwezo wako, na mimi nikijaribu nitazungushwa kila ofisi hadi nistaafu.

Na hapo kwenye taarifa binafsi, nina swali. Yule kijana alijuaje mwaka aliostaafu baba? Sina wa kumtuhumu. Nakumbuka tu fomu zake zilivyopigwa fotokopi, zikaskaniwa, zikatumwa kwa barua pepe ya mwenye steshenari, na nyingine zikabaki kwenye kompyuta ya pale dukani ambayo kila mtu anaikalia.

Halafu kuna vidole. Baada ya tukio nilikwenda Lushoto, nikachukua kitochi chake, nikabonyeza *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Zilikuwa tatu. Anayoijua ni moja. Akakumbuka siku aliyosajili, kwa kijana wa mwavuli pale stendi: "Baba, kidole hakisomi, weka tena. Weka tena. Jaribu na hiki." Vidole vya mzee aliyelima na kushika chaki maisha yake yote kweli havisomeki vizuri, alama zimelika. Ndiyo maana hakushangaa kuambiwa arudie. Tangu usajili wa vidole uanze mwaka 2019, ni wazee wangapi wameambiwa warudie, na kila kurudia kukazaa laini mtaani? Mteja apate meseji kwenye laini yake ya zamani kila laini mpya inapoandikwa kwa NIDA yake, na isiwashwe mpaka ajibu. Kumtaka mzee akumbuke kubonyeza *106# kila baada ya muda ni kumpa kazi ya mlinzi wakati geti tunalo sisi.

Mama yangu mdogo yeye yupo Tanga mjini, ana simu janja. WhatsApp yake ilichukuliwa kwa tarakimu sita alizoombwa na "mwanakamati wa harusi", kisha ukoo mzima ukaombwa pesa kwa jina lake, kwa sauti yake ya kuandika, na "jamani" zake zote. Wawili walituma. Nao wangekuwa na zile saa 24, wangempigia kwanza.

Baba sasa hapokei namba asiyoijua. Kaunta buku limejaa namba zetu, na simu ikiita analinganisha tarakimu moja moja. Mara nyingi akimaliza, imeshakata. Mwezi uliopita alipigiwa kutoka hospitali kuhusu upasuaji wa mtoto wa jicho aliousubiri tangu mwaka jana. Walipiga mara tatu. Alikuwa amekaa chini ya mparachichi, anaitazama.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtoto wa mwalimu mstaafu, Lushoto

Nakala: Gavana, Benki Kuu ya Tanzania