Barua kwa Hamad kuhusu zabuni za ubalozi

Chukwani, Unguja

Ndugu yangu Hamad,

Assalaam alaykum. Natumai huko Chake, Pemba, nyote ni wazima. Sisi kwetu hatujambo, alhamdulillahi.

Umeuliza kama kampuni yako inaweza kuomba kazi za ujenzi za ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, na kwa nini wenzako huambulia rangi na mabomba tu. Kuomba unaweza, ila si kila kazi. Kinachowazuia wenzako ni sheria, wala si dharau ya mtu.

Sheria yenyewe ni ya 1986. Mradi wa kujenga au kusanifu jengo lao la kibalozi ukizidi thamani iliyowekwa (kwa miaka mingi ilikuwa dola milioni 10), zabuni ni ya kampuni ya Kimarekani, au ya ubia ambao Mmarekani anamiliki angalau asilimia 51 ya mali zake. Na usidhani cheti cha kule kinatosha. Kwa kazi ya ujenzi, kampuni iwe imesajiliwa Marekani kwa zaidi ya miaka 5, iwe imeshafanya kazi za ukubwa huo, na asilimia 80 ya wasimamizi wa saiti wawe raia wao. Kwa hiyo hao wanaokushauri umtafute jamaa aliye Ohio mfungue kampuni mwezi huu wanakupotezea nauli. Zaidi ya hapo, kazi inayogusa mitambo ya ulinzi haitazamwi thamani: hata ikiwa ndogo ni yao, isipokuwa wao wenyewe waamue kuwa ni ya teknolojia ya chini.

Ukitaka kujua ukali huu umetoka wapi, angalia Moscow. Walianza kujenga ubalozi mpya pale 1979, na nguzo na boriti za zege zikamwagwa na Wasovieti nje ya saiti, bila Mmarekani wa kusimamia. Vinasa sauti vikazikwa humo humo kwenye zege. Wewe ni mtu wa zege, unajua: likishaganda, kilichomo hukitoi ila kwa kuivunja nguzo. Kazi ikasimamishwa 1985. Mwishowe waliondoa ghorofa mbili za juu, wakajenga nne mpya kwa mafundi wao na vifaa walivyovisafirisha wenyewe, na jengo likafunguliwa 2000. Anayeogopwa hapo si fundi, ni serikali inayoweza kumbana fundi. Mimi siwalaumu, nchi yoyote yenye siri na fedha ingefanya vivyo hivyo.

Suala la uwazi wanaouacha kuzunguka jengo ni la sheria nyingine, ya 1999, iliyokuja baada ya mabomu ya Nairobi na Dar, 7 Agosti 1998. Kwa Dar, lori lilifika mpaka getini kwenye ubalozi wa zamani pale Laibon Road, na watu 11 wakafa. Ndipo ikawekwa futi 100, kama mita 30, kati ya jengo na mpaka wa kiwanja. Ndiyo maana kiwanja cha ubalozi mpya, Msasani, ni kikubwa vile.

Sasa riziki yako iko wapi? Iko kwenye kazi ndogo zisizogusa ulinzi: paa, matangi, mifereji, nyumba za wafanyakazi. Hizo unaweza kuziomba mwenyewe. Kwenye miradi mikubwa unaingia chini ya mkandarasi mkuu, naye haruhusiwi kugawa zaidi ya asilimia 50 ya thamani ya mkataba wake. Usitarajie kupewa fungu nono.

Kabla ya yote, tazama kamera zako za ulinzi. Tangu Agosti 2020 serikali yao haiingii mkataba na kampuni inayotumia vifaa vya makampuni ya Kichina ya Hikvision, Dahua, Huawei, ZTE au Hytera kama sehemu muhimu ya mfumo wake, hata kama vifaa hivyo havihusiani na kazi yao. Ukiomba kama mkandarasi mkuu, kamera ya ghala lako hapo Chake inaweza kuhesabika. Ukiwa chini ya mwingine, kinachoangaliwa ni kile unachokwenda kukifunga kwao. Na jina la kwenye boksi lisikutulize. Ziko kamera zinazotengenezwa na Hikvision zikabandikwa jina jengine. Fungua menyu ya rikoda, soma modeli, kisha itafute.

Halafu usajili. Zabuni zao nyingi zinataka uwemo kwenye SAM, daftari la mtandaoni la wanaofanya biashara na serikali ya Marekani. Anza na NCAGE, namba ya utambulisho ya kampuni za nje ya Marekani, kisha ndiyo uingie SAM. Zote ni bure. Akitokea wakala anataka dola, mwambie asante. Wengi wanakwama kwenye jina na anwani: cheti cha BPRA, wakala wetu wa usajili wa biashara Zanzibar, kinasema hivi, NCAGE hivi, SAM vyengine, na mfumo unakataa. Nakili herufi kwa herufi, na "Limited" usiifupishe sehemu moja ukaiacha ndefu nyingine. Usajili unahuishwa kila mwaka, na ukipitwa na tarehe wiki ya zabuni, umekosa.

Jambo la mwisho ni ramani za majengo yao. Wakikupa, usimrushie fundi bomba kwa WhatsApp, hata kipande cha choo. Chapisha nakala, ziandike namba, na zirudishe zote kazi ikimalizika. Hili linaweza kukukosesha kazi inayofuata kuliko bei yako.

Nitumie picha ya cheti chako cha BPRA kabla hujajaza NCAGE, nikutazamie jina na anwani.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Wassalaam,
Ndugu yako Suleiman