Barua kuhusu upepo wa Hokusai

Sahibu yangu mpendwa,

Baada ya salamu, natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi huku tu wazima, ila baridi imetukalia na bili ya umeme haisemeki.

Dhumuni la barua hii ni lile neno la jamaa wa Msasani, kwamba chapa unayotaka kuchonga kwa kumuenzi Hokusai, yule mchoraji wa Japani, itakuwa wizi uliovishwa kanzu ya heshima. Kabla hujaiweka patasi chini, itafute picha ya mwaka 1993 ya Jeff Wall, Mkanada wa Vancouver, ambayo jina la Hokusai limo waziwazi ndani ya jina lake. Mimi niliitazama kwenye jumba la sanaa la Tate, hapa London. Msingi wake ni chapa ya Hokusai ya mahali paitwapo Ejiri, katika ule mfululizo wa mandhari 36 za Mlima Fuji, ambao hatimaye ulifika chapa 46. Unaikumbuka: upepo umewakumba wasafiri njiani, karatasi za mwanamke zinapeperuka kutoka kifuani, kofia ya mwingine imekwenda zake, na nyuma yao Fuji imechorwa kwa mstari mwembamba tu, haina habari na mtu.

Wall aliwatumia waigizaji katika shamba tambarare nje ya Vancouver, akapiga picha zaidi ya 100 kwa muda uliozidi mwaka, kisha akaziunganisha kwa kompyuta mpaka karatasi zote zikaonekana kurushwa na upepo mmoja. Kazi yenyewe ina upana wa karibu mita 3.8 na huangazwa kwa taa kutoka nyuma, kama bango la biashara, ilhali chapa ya Hokusai haifiki sentimita 40. Nilicheka peke yangu, maana jasho lote hilo lilikuwa la kuupata upepo ambao yule mzee aliuweka kwenye mistari michache.

Lakini tazama alichokiondoa. Miti imepinda vilevile, mtu ameinua uso kuifuata kofia yake vilevile, ila Fuji haipo kabisa. Pamebaki anga ya kijivu, mfereji na nguzo za simu. Hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Ukiiweka Kilimanjaro mahali pa Fuji kama ulivyopanga, jamaa wa Msasani atakuwa amepata hoja, kwa sababu utakuwa umebadilisha mlima tu na kumwachia Hokusai kazi yote iliyobaki. Chukua upepo, uuache mlima.

Na akirudia neno la wizi, mkumbushe kwamba Hokusai alichora tu, mbao zikachongwa na kupigwa chapa na mafundi wengine, na mchapishaji ndiye aliyeuza. Wewe unachonga na kuchapa mwenyewe, tena unagombana na wino mwenyewe.

Sasa nijibu: utatumia mbao au lino, lile tandiko laini la kuchonga? Upepo wako utakuwa wa kaskazi au wa kusi, na utamkumba nani, abiria wa kivuko au wauza magazeti? Bi Mkubwa amesemaje alipoiona rasimu? Na ile patasi nyembamba niliyokuletea, shemeji bado anafungulia makopo?

Wako daima,
Nduguyo wa London