Sauti za angani kwa mwanetu

Wapendwa, nimetoka wodini sasa hivi. Dawa za saratani zimemchosha mwanetu, mdomo umejaa vidonda, hata maji anayameza kwa shida. Lakini nilipotaja sayari ya Zohali aliinuka mwenyewe! Ameichora na pete zake kwa penseli kwenye bahasha ya vidonge, akanieleza kwamba Voyager 1, chombo cha angani, iliruka mwaka 1977 na bado inatuma ishara.

Naomba kila mmoja anirekodie sauti ya dakika moja, jambo moja tu la angani. Kwamba kituo cha anga huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi analijua, tafuteni jingine. Pole amezisikia nyingi mno. Mama yake atamchezea rekodi zenu usiku, usingizi unapogoma.

Wenye mafua msiende kumwona kwanza, jamani, kinga yake iko chini.