Mto ni ule ule, ushuru ndio uliobadilika

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu nchi zisizopakana na bahari niliifurahia hadi nilipofika aya za mwisho, ambapo mwandishi alizihukumia nchi hizo umaskini kwa sababu tu ya mahali zilipo. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kama ramani ingekuwa na nguvu hizo zote, ningekuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Lakini sivyo.

Nichukue mto Rhine wa Ulaya, ambao kwenye ramani unaonekana kama barabara iliyotengenezwa tayari, kutoka milima ya Alps hadi bahari ya Kaskazini. Kwa karne nyingi, aliyeutumia aliona mengine kabisa. Makabaila wa kandokando walijijengea ngome ili wakamue kila chombo kinachopita. Ngome ya Pfalzgrafenstein ilijengwa katikati ya maji katika karne ya 14 kwa kazi hiyo hiyo ya kutoza ushuru, na iliendelea kutoza hadi miaka ya 1860. Mjini Cologne, tangu mwaka 1259, mfanyabiashara alilazimika kushusha shehena yake na kuwauzia wenyeji kwa siku tatu kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Mto ulikuwa unapitika; watu ndio waliouziba.

Mkutano wa mataifa ya Ulaya uliofanyika Vienna mwaka 1815 uliunda kamisheni ya pamoja ya usafiri katika mto huo, na mkataba wa Mannheim wa mwaka 1868 ukafuta ushuru wa kupita. Kamisheni hiyo ipo hadi leo. Uswisi, ambayo haina hata mita moja ya pwani, ina bandari mjini Basel, zaidi ya kilomita 800 kutoka Rotterdam, bandari ya baharini ya Uholanzi. La kushangaza ni kwamba Uswisi haikuwa miongoni mwa waliotia sahihi mwaka 1868. Ilinufaika na mapatano ya jirani zake.

Hapa ndipo ningependa mwandishi wenu angekaa kidogo. Nchi ya bara, isiyo na pwani, inaweza kupanga nyumba yake ikapangika: mahakama zikafanya kazi, kodi ikajulikana mapema, hati za ardhi zikaaminika. Bado kontena lake litashushwa katika bandari ya mwenzake, litapita barabara ya mwenzake, na litakaguliwa na askari wa mwenzake. Kwa hiyo taasisi zinazoamua hatima yake si zake peke yake, na hilo ni gumu kuliko milima. Mlima hutobolewa. Afisa wa forodha wa nchi nyingine huwezi kumfukuza kazi.

Nasikia tayari jibu kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Basi twende Chirundu, penye daraja la mto Zambezi kati ya Zambia na Zimbabwe. Zamani lori lilikaguliwa upande mmoja, likavuka, likaanza foleni upya upande wa pili. Desemba 2009 nchi hizo mbili zilifungua kituo cha pamoja: anayekwenda kaskazini anakaguliwa mara moja tu, upande wa Zambia, na anayekwenda kusini, upande wa Zimbabwe. Ilibidi zitungwe sheria za kumruhusu afisa afanye kazi yake nje ya nchi yake. Zambia haikusogea karibu na bahari hata kwa hatua moja.

Simaanishi jiografia haina lake. Uholanzi, ambayo karibu robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, ina mabaraza ya maji yaliyoanza karne ya 13, kwa sababu tuta likibomoka kwa jirani, shamba lako nalo linazama. Pale mazingira ndiyo yaliyozaa taasisi. Wala sidai kwamba taasisi ni neno la kumaliza kila ubishi, maana wapo wanaolitumia hivyo bila kutaja hata moja.

Ila mwandishi alipogusia madini na mito ya umeme kama tiba ya nchi za bara, nilikumbuka Korea. Ilipogawanywa mwaka 1945, viwanda vikubwa, madini mengi na mitambo ya umeme wa maji vilikuwa kaskazini. Mei 1948 kaskazini ilipokata umeme, kusini ilibaki gizani. Sote tunajua nani anauza magari na simu duniani leo.

Ombi langu ni dogo. Ramani mliyochapisha ilionyesha kilomita kutoka kila mji mkuu hadi bandari iliyo karibu. Mkiirudia mada hii, pembeni ya kilomita wekeni siku: siku za bandarini, siku za njiani, siku za mpakani. Wanafunzi wangu wataielewa hiyo kuliko rangi za kijani na kahawia.

Wenu,
Mwalimu wa jiografia