Yule mweusi wa kwenye nembo ya Coburg sio mtumwa

Mhariri, salamu. Nimesoma makala yenu kuhusu ule mji wa Ujerumani wenye kichwa cha mtu mweusi kwenye nembo, mwandishi wenu kaandika eti ni kumbukumbu ya biashara ya watumwa. Hapo hapana jamani.

Coburg uko Bavaria, kwa juu kule kaskazini (ndo kwenye ukoo wa yule Prince Albert mume wa Malkia Victoria, ambaye Waganda wana ziwa lenye jina lake hadi leo). Na huyo mnayemwita mtumwa ni Mtakatifu Morisi, wao wanamwita Mauritius, msimamizi wa mji. Masimulizi ya Kanisa yanasema alikuwa kamanda wa kikosi cha Kirumi kilichotoka Tebe huko Misri, karne ya 3, yeye na askari wake wakagoma kuikana imani wakauawa, ni sehemu ambayo leo iko Uswisi. Sasa Wajerumani wa zamani wakimchora walimchora mweusi, na sio kwa dharau, we nenda kaangalie sanamu yake kwenye kanisa kuu la Magdeburg, mji mwingine wa Ujerumani, ina karibu miaka 800, mwanaume mweusi wa haja kabisa, deraya (vazi la chuma la vita) imemfunika mpaka kichwani, uso umetulia, ukimwona tu unajua huyu ni mkubwa wa jeshi.

Kingine ambacho makala imeruka, na mimi naona ndo kitamu chenyewe. Coburg ndo mji wa kwanza Ujerumani ambako Wanazi, chama cha Hitler, walipata zaidi ya nusu ya viti kwenye baraza la mji, ilikuwa 1929, halafu 1934 wakamwondoa Morisi kwenye nembo wakaweka upanga wenye swastika, ile alama yao, maana mtu mweusi awe sura ya mji wao wangewezaje kuvumilia. Vita ilipoisha 1945 akarudishwa. Kwa hiyo 2020, baada ya George Floyd, yule Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi, watu walipoanza kukusanya sahihi nembo ibadilishwe, wenyeji wengi walikuja juu, wakasema mnataka kufanya kazi ya Wanazi.

Lakini na hao wenyeji nao wasijifiche nyuma ya mtakatifu. Mimi nimepita pale, natembea zangu mjini nikaangalia chini, kumbe nimekanyaga kichwa chake, kimechorwa kwenye mifuniko ya chemba barabarani! Nikakiangalia vizuri. Hakuna deraya, hakuna mkuki, hakuna chochote cha kukwambia huyu ni askari wala mtakatifu, ni kichwa kitupu kinaangalia pembeni, midomo imevimbishwa, na hereni kubwa sikioni. Najua ngao ilitakiwa isomeke kwa mbali ndo maana wachoraji walipunguza mambo, sawa, ila mbona walichopunguza ni heshima yake yote wakaacha midomo? Na jina wanalomwita, Mohr, ni neno la kizamani la mtu mweusi, watu weusi wanaoishi kule wengi wanaliona tusi, na wao ndo wanaoitwa hivyo sio sisi tunaosoma gazeti tukiwa mbali.

Kwa hiyo mimi simo kwa wanaotaka aondolewe na simo kwa wanaosema asiguswe. Wamchore upya. Mfano wanao hukohuko Magdeburg, wamvalishe deraya yake wamwite kwa jina lake, basi.

Halafu Mhariri, ile picha mliyoweka juu ya makala sio ya Coburg. Yule mwenye taji jekundu ni wa Freising, karibu na München, ni yuleyule aliyekuwa kwenye nembo ya Papa Benedikto wa 16 kwa sababu alikuwa askofu mkuu huko kabla hajawa Papa. Wa Coburg hana taji, ana hereni. Sahihisheni tafadhali.

Msomaji wenu wa siku nyingi