Kwa Wanakikundi: Maandalizi ya Masomo ya Uhuishaji

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Lamu.

Nawaandikia nyinyi mlioomba nafasi ya kusomea uhuishaji, yaani kazi ya kuifanya michoro ionekane inatembea, katika chuo cha ufundi, kwa sababu maswali yenu mengi yanahusu kompyuta, ilhali kazi hii huanza kwa penseli na jicho linalotazama kwa makini. Sekunde moja ya filamu hubeba picha 24, na hata kila mchoro ukitumika kwa picha 2 mfululizo, kama ilivyo desturi, bado itahitajika michoro 12 ili mkono wa mtu upunge kwa sekunde hiyo moja tu. Ndiyo maana mwanafunzi huanzishwa na mpira unaodunda, ambao hubonyea unapogusa chini, hurefuka unapokwenda kasi, na hupunguza mwendo unapokaribia kilele. Zoezi hilo msilidharau, kwani ndilo linalofundisha uzito.

Wiki hii nawaomba mmtazame punda aliyebeba mchanga akipanda kutoka gatini, kisha mchore hatua zake: mguu upi hutangulia, shingo huinama lini, na mzigo huyumba vipi anapokanyaga.

Kuhusu programu, Blender na Krita, ambazo ni za kuchorea na kuhuisha, hupatikana bila malipo. Kompyuta ni jambo jingine, na kwa maoni yangu ni heri tushirikiane moja kuliko kila mzazi kubebeshwa deni.

Michoro ileteni Jumamosi baada ya swala ya alasiri, kila karatasi ikiwa na namba yake pembeni.