Dirisha la kisasa limenitesa miaka minne

Mhariri, salaam.

Nimesoma ukurasa wenu wa ujenzi wa wiki iliyopita, pale mliposema dirisha la alumini la kuslaidi ndo dirisha la kisasa, nikasema leo lazima niandike maana hilo la kisasa nalijua vizuri sana.

Nimejenga Kigamboni, sebule na chumba cha watoto vinaangalia magharibi. Nikaweka vioo futi 5 kwa 5, na tinti juu, mke wangu akafurahi na mimi nikafurahi. Sasa ikifika saa tisa alasiri jua linashuka, paa limechomoza lakini haliwezi kulizuia tena, linapita kwa chini linapiga kioo moja kwa moja, na pazia hata liwe zito vipi ni bure, kwa sababu joto likishavuka kioo limeshakuwa mgeni wako, pazia lenyewe unaligusa la moto kama limetoka kupigwa pasi. Ukiwasha AC, yuniti za umeme wa LUKU zinakimbia. Ukifungua dirisha ndo unagundua futi 5 umelipia zote ila zinazofunguka ni mbili na nusu, nusu nyingine kioo kimelalia mwenzie.

Desemba ya juzi tukaenda Unguja harusini, tukafikia Mji Mkongwe kwa shangazi yake mke wangu, ghorofa ya pili. Mchana wa kaskazi, umeme umekatika, na mle ndani watu tumelala usingizi kabisa. Kioo hakuna hata kimoja! Ni luva za mbao kwa nje, yaani vipande vya dirisha vya vijibao vyenye nafasi katikati, na nondo za wima nyuma yake basi. Na kila dirisha lina vipande vinne, viwili juu viwili chini, shangazi anafungua vya juu mwanga uingie, vya chini anaviacha vimefungwa, anakaa hapo anamenya vitunguu huku anamuona kila anayepita njiani na yeye haonwi na mtu.

Niliporudi tu nikatafuta fundi. Jina simtaji. Akanichongea luva za mbao ya mninga za madirisha manne, kwa macho ukiziona unasema hapa nimepata, afu ikaja mvua ya kwanza ya masika na upepo wake, maji yanaingia sebuleni kama kuna mtu yuko nje na ndoo. Nikatoka na mwavuli kwenda kuangalia. Vijibao vyote kaviinamisha kwa ndani, ukingo wa nje uko juu wa ndani uko chini, yaani kanitengenezea mfereji wa kuleta mvua kwenye makochi. Nikampigia simu, akanijibu "bosi si unazipindua tu". Na kinachoniuma ni kwamba alikuwa sahihi, kipande cha kushoto ukikipindua kichwa chini kinakaa kulia na vijibao vinaelekea vinakotakiwa, nilihangaika nacho Jumapili nzima, ila mpaka leo komeo za juu ziko chini na za chini ziko juu, mgeni akitaka kufungua dirisha anahangaika mpaka naona haya. Kwa hiyo kabla hujamalizia hela ya fundi, mwagia luva kikombe cha maji kwa nje uone yanaelekea wapi.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni grili na nyavu. Luva inafungukia nje, grili iko katikati, nyavu ya mbu iko ndani, sasa mkono unapita wapi kwenda kufunga usiku? Mimi ilibidi nyavu niitoe nikaitie kwenye fremu yenye bawaba inayofungukia ndani, na nondo mbili za grili zikakatwa kutengeneza kidirisha. Haya ni mambo ya kupanga kabla ya kuchomelea, sio baada. Bawaba nazo, huku baharini za chuma hata ukizipaka rangi zinaliwa na kutu, chukua za shaba au stenlesi, na skurubu zake ziwe hivo hivo. Ndoano ya kushikia luva ukutani usiisahau, bila hiyo kusi likianza mtapigiwa ngoma usiku kucha. Mbao iwe imekauka kweli.

Halafu kuna hawa wanaopigilia vipande viwili vya plastiki vyenye sura ya luva pembeni ya dirisha, wameona kwenye picha za nyumba za Marekani. Hebu vipime, viwili kwa pamoja havifiki nusu ya dirisha, na hata bawaba havina. Hiyo ni hereni.

Sikatai, luva zinashika vumbi vibaya mno, na bei ya moja la mninga ningepata mawili ya alumini. Jikoni kwangu kunakoangalia kusini vioo vimebaki na havinisumbui.

Nilichokosa ni kile kijiti cha katikati, kile ukikivuta luva zote zinainuka au kulala kwa pamoja. Shangazi anacho na bado kinafanya kazi. Huku kila fundi ninayemuuliza anataka kunifungia za kukaza, vijibao havisogei. Kama kuna msomaji wa Tanga au Bagamoyo anamjua mtu anayekitengeneza, naomba mmpe nafasi kwenye ukurasa wenu huo huo wa ujenzi, chumba cha watoto bado sijakigusa.

Baba wa watatu,
Kigamboni, Dar es Salaam